Hekalu la Makindu: Stori ya Masingasinga, Reli na Sahani Isiyouliza Jina Lako

Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, saa tatu usiku. Semi zimepangana kandokando ya lami. Moja inaelekea Rusumo kuingia Rwanda, nyingine itashika njia ya Kabanga kwenda Burundi, ya tatu inarudi Dar ikiwa tupu. Kwenye vibanda kuna mishikaki, chipsi mayai, wali maharage na chai ya rangi. Kila kitu kina bei yake, na hakuna anayeijua bei hiyo vizuri kama utingo ambaye posho imemwishia njiani. Toka Dar mpaka Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200. Ni safari ndefu kwa mtu mwenye njaa.

Sasa mchukue utingo huyohuyo umpeleke barabara nyingine kabisa, ile ya Mombasa kwenda Nairobi. Akifika Makindu, kaunti ya Makueni, kama kilomita 170 kabla ya Nairobi, ataona bendera ya rangi ya machungwa juu ya mlingoti mrefu na majengo meupe nyuma ya geti. Akiingia atavua viatu, atafunika kichwa, atanawa mikono. Kisha atapewa sahani. Chapati, dengu, mboga, wali, chai ya maziwa. Akishiba anaweza kuomba chumba alale, na asubuhi aendelee na safari. Bili? Hakuna. Kuna sanduku la sadaka kwa anayetaka kutoa, na asiyetoa hafukuzwi wala hatazamwi vibaya.

Wengi waliopita pale wanaijua sehemu hiyo kwa jina moja tu: kwa Masingasinga. Wachache wanajua imefikaje pale, katikati ya pori la Ukambani, mbali na India na mbali na mji wowote mkubwa. Na stori yake, ukiifuatilia vizuri, inaeleza hadi sababu ya nyumba kama hizo kuwepo Mwanza, Moshi na Arusha, wakati njia ya Biharamulo na Ngara ilipitwa.

Kalasinga ni nani hasa?

Mtaani Mhindi ni Mhindi. Mwenye duka, mwenye gereji, mwenye kilemba, wote wanawekwa kapu moja. Lakini Singasinga ana dini yake, na si Mhindu wala Mwislamu. Dini hiyo ilianzia Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, kwa mafundisho ya Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469. Baada yake walifuata magwiji wengine tisa. Wa kumi, Guru Gobind Singh, ndiye aliyeanzisha mwaka 1699 udugu wa Khalsa, ambao wanachama wake hawakati nywele, huvaa bangili ya chuma, na wanaume hubeba jina la Singh, maana yake simba. Baada ya hapo hakukuwa na guru mwingine mtu. Guru ni kitabu, Guru Granth Sahib, na ndicho kinachowekwa mahali pa heshima ndani ya kila nyumba ya ibada.

Nyumba hiyo inaitwa gurudwara, yaani mlango wa guru. Na hapa ndipo kuna kitu cha kipekee: gurudwara bila jiko haijakamilika. Jiko lile linaitwa langa, na chakula chake ni bure kwa yeyote. Sharti ni moja tu: wote mnakaa chini, mstari mmoja, chakula kimoja. India ya wakati huo ilikuwa na matabaka makali, watu wa tabaka moja hawali na wa tabaka jingine. Kumkalisha tajiri sakafuni pembeni ya mfagiaji ilikuwa ni kumwambia kitu ambacho hotuba isingeweza kumwambia. Masimulizi ya Masingasinga yanasema hata mfalme Akbar alipokwenda kumwona guru wa tatu alitakiwa akae akale kwanza na watu wa kawaida, ndipo aonane naye. Leo hekalu la Amritsar, maarufu kwa dhahabu yake, hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku kwa utaratibu huohuo. Chakula hakina nyama, ili mtu wa dini yoyote akae ale bila wasiwasi.

Na hilo jina la Kalasinga limetoka wapi? Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mfanyabiashara wa mwanzoni kabisa aliyeitwa Kala Singh, aliyeingia na bidhaa zake ndani ndani mpaka Umasaini. Watu wakamzoea, na kila mwenye kilemba aliyekuja baada yake akaitwa Kalasinga. Jina la mtu mmoja likawa jina la watu wote. Hata hivyo, yeye alikuwa na bahati. Wengi waliokuja kipindi kile hawakuacha jina kabisa.

Reli iliyokula watu

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Walihitaji watu wa kazi na wakawachukua India, wengi wao kutoka Punjab: Waislamu, Wahindu na Masingasinga kwa pamoja. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Kwa jumla waliletwa vibarua na mafundi karibu 32,000.

Hesabu za kazi ile zinatisha. Waliokufa ni 2,493. Ukigawanya kwa urefu wa reli unapata zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja. Wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Malaria, kuhara, vidonda visivyopona, ajali za baruti na vyuma. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya mikataba kwisha walikuwa kama 6,700 hivi, na hao ndio walioanzisha gereji, karakana za mbao na maduka ya vyuma katika miji mingi.

Ukitafuta majina katika orodha hiyo ya vifo unapata namba. Mmoja wa wachache wanaotajwa hadi leo ni jemadari Ungan Singh, Singasinga aliyekuwa kambini Tsavo mwaka 1898. Usiku mmoja simba alimvuta ndani ya hema lake na kuondoka naye. Injinia Patterson, ambaye baadaye aliwaua simba wale wawili, alimwandika katika kitabu chake, na filamu zikatengenezwa baadaye. Yaani ili jina la kibarua lifike kwenye historia ilibidi aliwe na simba. Aliyekufa kwa kuhara hema la pili hajulikani.

Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kufika Makindu, kwa sababu waliojenga pale walikuwa watu wa aina hiyohiyo: mafundi seremala, wahunzi, waashi, makarani wa stesheni, watunza injini. Hakuna mfalme aliyetoa hela na hakuna tajiri aliyekata utepe kwa jina lake.

Mti, mabati, na mwaka 1926

Reli ilipita Makindu kati ya mwaka 1898 na 1899, mara baada ya kuvuka Tsavo. Jina la mahali linatokana na mikindu iliyoota kwenye maji yale, na maji ndiyo yaliyofanya pawe muhimu, kwa sababu injini za mvuke haziendi bila maji. Kukawa na stesheni, karakana, na nyumba za wafanyakazi. Watu waliokuwa wakihama kila siku na reli wakapata mahali pa kutulia kidogo.

Inasimuliwa kwamba jioni baada ya kazi walikuwa wanakutana chini ya mti kuimba na kuomba. Si Masingasinga peke yao. Wahindu walikuja, na Waislamu wa Punjab pia, maana lugha ilikuwa moja na upweke ulikuwa mmoja. Fikiria: mtu wa miaka ishirini na kitu, barua ya kwao inachukua wiki kadhaa kufika, simba wanasikika usiku, na jirani yake wa jana amezikwa leo. Kuimba pamoja ilikuwa ni namna ya kujua kwamba bado mpo wangapi. Baada ya mti likaja banda la mabati. Na mwaka 1926 ikajengwa gurudwara ya kudumu, ile ambayo msafiri wa leo anaiona.

Halafu kikatokea kile kinachotokea kwa kila mji wa reli. Kazi zikahamishiwa mbele, familia zikahama, na Makindu ikarudi kuwa kituo kidogo cha kupita. Gurudwara ikabaki bila waumini. Kwa miaka mingi hapakuwa na watu wa kutosha kuendesha ibada ya kila siku.

Ni katika miaka hiyo ya upweke ndipo stori maarufu ya Makindu ilipozaliwa. Watu walianza kusimulia kwamba usiku wanamwona mpanda farasi mwenye kilemba akizunguka jengo lile, farasi mweupe, kisha anatoweka. Masingasinga walioisikia walikumbuka picha za Guru Gobind Singh, ambaye huchorwa juu ya farasi. Anayeamini anaamini, na asiyeamini ana haki yake. Ila kuna jambo moja ambalo hata asiyeamini hawezi kulipita: stori hiyo inasimulia nyumba ambayo wenyewe wameondoka, na bado kuna mtu anailinda.

Na wapo waliolinda kweli, bila farasi. Nyumba isiyo na waumini haidumu bila mtu wa kufagia, kufunga milango, kumwagilia miti na kufukuza mchwa. Makindu ni Ukambani, na mikono ya kazi pale kwa kizazi baada ya kizazi imekuwa pia ya wenyeji, watu ambao dini ile haikuwa yao ila nyumba waliizoea kama yao. Majina yao hayatajwi kwenye stori ya farasi mweupe. Lakini bila wao, waliokuja baadaye kuifufua wangekuta kichuguu.

Ilifufuka kwa sababu ya barabara. Magari yalivyozidi kati ya Nairobi na Mombasa, wasafiri wa Kisingasinga walianza kusimama pale kupumzika na kuomba safari njema. Wakachanga, wakakarabati, wakaongeza vyumba, wakawasha jiko. Kile kilichoanza kama mahali pa wajenzi wa reli kikawa mahali pa watu wa barabara: madereva, familia zinazokwenda pwani, watalii waliopotea, wanafunzi wasio na nauli.

Ramani ya gurudwara ni ramani ya reli

Chukua ramani ya Afrika Mashariki na uweke alama kila mji ambapo Masingasinga walijenga nyumba ya ibada. Mombasa. Makindu. Nairobi, ambako zipo kadhaa. Nakuru. Kisumu. Upande wa Uganda, Kampala. Sasa chora mstari kuziunganisha. Umechora reli ya Uganda.

Tanganyika mambo ni yaleyale. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza lilijenga njia ya kuunganisha Voi na Moshi, na kazi hiyo ilifanywa na kampuni za reli za jeshi la India. Baada ya vita Waingereza walichukua koloni la Mjerumani pamoja na reli zake, na wakahitaji mafundi. Reli ikafika Mwanza mwaka 1928 kutokea Tabora, na Arusha mwaka 1929 kutokea Moshi. Leo ukiwa Dar, Moshi, Arusha au Mwanza utaikuta gurudwara, na katika miji hiyo yote filimbi ya treni ilisikika kwanza.

Sababu yake si ya ajabu. Masingasinga wengi waliokuja Afrika Mashariki walitoka jamii ya Ramgarhia, watu wa useremala, uhunzi na uashi kwa asili. Kazi ya karakana ya reli iliwakaa vizuri. Baadaye wakaingia kwenye mashine za mbao, ujenzi, na magari. Hata leo Mtanzania wa rika la wazazi ukimtajia Kalasinga atakuambia fundi, kabla hajakuambia dini. Ndiyo maana Joginder Singh wa Kericho, mtoto wa gereji, alishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965 akiwa na Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Kenya nzima ikampigia makofi. Nyuma yake walikuwepo mafundi mamia wenye mikono ya grisi ambao hawakupata kombe lolote.

Sasa rudi Biharamulo. Mjerumani alijenga boma lake pale mwanzoni mwa karne ya 20, na bado lipo, kuta nyeupe juu ya kilima. Lakini reli haikufika. Mkoa wa Kagera uliunganishwa na dunia kwa meli za ziwa kupitia Bukoba, na mtu wa Ngara alilazimika kutembea siku nyingi kabla ya kuiona hata meli yenyewe. Reli ya karibu ilikuwa ng'ambo ya maji, Mwanza. Fundi wa reli alikaa palipo na reli, na gurudwara ilikaa palipo na fundi. Ngara na Biharamulo wakapitwa na vyote viwili. Lami ndiyo iliyokuja, na pamoja nayo semi, madereva na njaa ya njiani, ila jiko la bure halikuja nayo.

Walipoondoka

Ingekuwa stori tamu kama ingeishia kwa mafundi kushika maisha na kuzeeka Afrika. Haikuishia hivyo.

Baada ya uhuru swali la uraia lilikuwa moto nchi zote tatu. Kenya sheria za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia kwenye ajira na biashara, na Uingereza nayo ikaharakisha mwaka 1968 sheria ya kuwazuia wenye pasi zake wasiingie kwa wingi. Tanzania ilipitisha Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo mengi ya kupangisha, ambayo mengi yalikuwa ya Waasia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Watu walifunga masanduku, wakaacha nyumba, karakana, na gurudwara zao.

Kuna hasira za pande mbili katika kipindi hicho, na zote zina historia. Mwafrika aliona koloni lilimpa Mwasia ngazi ya kati, duka na mkopo, yeye akaachiwa jembe. Mwasia, hasa fundi aliyezaliwa hapahapa, aliona anafukuzwa nchi pekee anayoijua kwa makosa ya mfumo ambao hakuuchora. Kilicho wazi ni kwamba jamii nzima ilipungua ghafla. Gurudwara iliyokuwa inajaa siku ya Vaisakhi ikabaki na wazee wachache.

Waliokwenda Uingereza hawakwenda mikono mitupu. Walibeba ufundi, walibeba Kiswahili, na walibeba tabia ya kujenga. Southall, Birmingham na Leicester, gurudwara nyingi zilisimamishwa au kukuzwa kwa nguvu ya Masingasinga kutoka Afrika Mashariki. Mfano mzuri ni Puran Singh, aliyeishi Kericho na kuheshimika sana kama mtu wa dini. Alihamia Uingereza miaka ya 1970, akaanzisha Birmingham jumuiya ambayo leo ina hekalu kubwa barabara ya Soho, na huko wanamtaja kwa jina la mji wake wa Kenya, kama mtu wa Kericho. Wafuasi wake hawakuisahau Kericho. Walirudi wakajenga gurudwara kubwa ya kumkumbuka katikati ya mashamba ya chai.

Kwa hiyo safari iligeuka. Kijana wa Punjab alikuja Makindu na treni. Mjukuu wake anatua Nairobi na ndege kutoka London, anakodi gari, na kituo chake cha kwanza kabla ya bahari ni Makindu, aone mahali ambapo babu alilala.

Ukiingia Makindu leo

Kwa anayefikiria kupita, utaratibu ni rahisi. Viatu vinaachwa nje. Kichwa kinafunikwa, mwanaume na mwanamke, na ukikosa kitambaa utapewa. Sigara, pombe na nyama havivuki geti, kwa hiyo kama umebeba konyagi kwenye begi iache kwenye gari. Ukumbini utakuta watu wamekaa sakafuni kuelekea kitabu, na utatulia nyuma kimya. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila, na hakuna anayekuhubiria ubadilike.

Kisha jiko. Hapa ndipo mgeni mara nyingi hushangaa, kwa sababu anayemwagia dengu anaweza kuwa mama mwenye kampuni Nairobi aliyekuja wikiendi kutumikia, na anayekaa pembeni yake ni dereva wa lori la saruji. Kazi hiyo ya kujitolea inaitwa seva, na ni sehemu ya ibada yenyewe. Kuosha sufuria kunahesabika kama kuomba. Ndiyo maana mgeni hakatazwi kushika kitambaa na kusaidia.

Waswahili wana neno lao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ajabu ni kwamba Makindu na methali hiyo vinaelewana kabisa. Vyumba ni vya wasafiri, mtu analala usiku mmoja au miwili, anapumzika, anaondoka. Si hoteli ya bure ya kuhamia. Na jembe, kwa maana ya kazi, lipo mlangoni toka siku ya kwanza kwa anayetaka kulishika.

Wapo pia wanaokuja kwa nia mbaya, wanakula na kucheka kwamba Kalasinga kalogwa anagawa hela. Wanahudumiwa vilevile. Mfumo wa langa haujengwi juu ya tabia ya mlaji. Ukianza kuchagua anayestahili sahani, umeshalirudisha lile tabaka ambalo sahani ililetwa kulivunja.

Na Benaco je?

Wilaya ya Ngara kuna mahali panaitwa Benaco. Kijana wa leo anaweza kudhani ni neno la Kihangaza. Si hivyo. Ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, ikaweka kambi yake pale, ikamaliza kazi, ikaondoka. Jina likabaki. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikawa kambi ya wakimbizi iliyotajwa redioni dunia nzima. Kabla mahema na malori ya mashirika hayajajipanga, watu wale walipita kwanza kwenye migomba na vyanzo vya maji vya wenyeji. Wenyeji wa Ngara walipoteza misitu, mazao na usalama wa miaka kadhaa, na wengi wao hawajawahi kutajwa popote kwa walichotoa.

Makindu na Benaco ni sehemu mbili zilizoanzishwa na wajenzi wa njia, watu wa kupita. Wajenzi wa Benaco waliacha lami na jina. Wajenzi wa Makindu waliacha reli na jiko. Vitu vyote vinne vina faida, lakini kimoja tu kati ya hivyo humsubiri mtu saa tatu usiku akiwa hana hela.

Kujenga gurudwara Nyakanazi si lazima, na Masingasinga si wao pekee wanaojua kulisha mgeni. Kuna futari za misikiti, kuna misa zenye chungu kikubwa nyuma ya kanisa, kuna bibi wa kijijini ambaye hajawahi kumwacha mpita njia aondoke na njaa. Kinachowatofautisha wale vibarua wa reli ni kwamba ukarimu wao waliujengea paa mwaka 1926, na waliokuja baada yao wakaupangia zamu, kiasi kwamba hata walioanzisha walipokufa, walipofukuzwa au walipohamia Birmingham, moto wa jiko uliwashwa tena na haujazimika.

Usiku huu kuna mtu Makindu anakanda unga wa chapati za kesho. Hamjui atakayezila, na atakayezila hatamjua yeye. Kwa kila kitu kilichobadilika toka enzi za ule mti na mabati, hilo halijabadilika.

Swali linabaki kwa watu wa ruti ya Rusumo: kwenye kilomita zote zile 1,200, ni nyumba ipi mlangoni pake unaweza kusimama usiku, mfuko mtupu, na ukaambiwa ingia ule kwanza?